Mwaka Sista Damari Aliposhindwa Kumeza

Tulipokwisha kumzika Mwalimu Yona, mwezi uliopita, binti yake Edina alinifuata nyuma ya nyumba yao ya Mabwerebwere, kule Kilosa, nilikokuwa nikisuuza masufuria ya msiba pamoja na wanawake wa mtaa. Tulikuwa hatujaonana tangu tukiwa wasichana. Sasa wote wawili tuna mvi na tunavaa miwani. Alichuchumaa karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia: "Zuhura, mama yangu alikufa akiwa na njaa?" Nilikuwa na maneno mengi ya kumpoza. Mimi ni mtu wa chakula, nina kibanda changu Dumila pale njia panda, na kazi yangu kila siku ni kusema na watu waliochoka. Lakini alikuwa ananitazama machoni, na baba yake alikuwa bado hajamaliza hata saa tatu ardhini. Nikamjibu, "Ndiyo, dada. Alikufa akiwa na njaa." Akatikisa kichwa polepole, akachukua kitambaa, akaanza kukausha masufuria niliyosuuza. Yalipokwisha akasema, "Nisimulie." Nikamsimulia, lakini vibaya, kwa kurukaruka, watu wakipita na kuulizia mkaa na vikombe. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotaka kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoka Kilosa kwenda Mikumi kuishi na mama yake Edina. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na mimi sikuwa na la kufanya nayo. Sista Damari, muuguzi mstaafu ambaye nusu ya mji wa Kilosa ilikuwa imepita mikononi mwake, alikuwa amefungua mgahawa kando ya barabara kuu, upande wanakosimama madereva wa malori. Mumewe Mwalimu Yona alibaki Kilosa na shamba lao, akija Mikumi siku za Ijumaa na kurudi Jumapili baada ya ibada. Edina, mtoto wao pekee, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Kwa hiyo mle ndani tulikuwa wawili. Mgahawa ulikuwa chumba kimoja chenye meza nne, na nyuma yake jiko la mabanzi lililoezekwa bati, na pembeni vyumba viwili vya kulala vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba nilimsikia akigeuza kurasa za Biblia. Nyani walikuwa wakija asubuhi kuiba maganda ya viazi, na Sista alikuwa akiwasemesha Kikaguru kwa ukali, kana kwamba ni wagonjwa waliokataa sindano. Siku ya kwanza nilipiga goti mlangoni nikasema, "Shikamoo, Sista." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nadhani hakuna swali alilouliza watu mara nyingi zaidi ya hilo maishani mwake.

Mgahawa uliuza wali, ugali, maharage na nyama kama migahawa mingine yote ya barabara ile, lakini Jumanne na Jumamosi uliuza kitu ambacho hakikuwepo kwingine. Alipokuwa binti, serikali ilimpeleka kusomea uuguzi Ujerumani ya Mashariki, enzi zile Ujerumani zikiwa mbili, na huko mpishi wa bweni alikuwa akiwapikia madonge ya viazi yenye tunda katikati. Jina lake la Kijerumani lilikuwa gumu kwa madereva, wakalikata wakaliita kinodo, na vikiwa vingi vinodo. Viazi mviringo tulivinunua kwa malori yaliyokuwa yakishuka kutoka Iringa. Tulivichemsha na maganda yake, tukavimenya vingali vya moto mpaka vidole vinageuka vyekundu, tukaviponda kwa mwiko hadi visiwe na hata punje, kisha tukaviacha vipoe kabisa. Hapo ndipo unapotia yai, chumvi na unga wa ngano, na hapo ndipo mimi nilipokuwa naharibu. "Usikande kama chapati," alikuwa akiniambia. "Kiazi hakipendi kusumbuliwa. Ukikisumbua kinakuwa gundi." Unachukua donge dogo, unalibapa kiganjani, unaweka tunda katikati, unalifunika na kulizungusha mpaka mshono upotee. Kule Ujerumani walitia plamu, tunda la rangi ya zambarau, na yeye akatia zambarau zenyewe, zile za Kilosa, zilizotolewa kokwa na kupikwa kidogo na sukari. Zambarau zikiisha msimu alitia embe. Unavidumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka polepole, vinazama, halafu vinaelea vyenyewe, na hapo unavigaagaza kwenye chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi. Dereva mgeni alikuwa akikiuma anakutana na ule wekundu mtamu, anashtuka, anakitazama tena. Sista alikuwa akisimama mlangoni makusudi aone uso ule.

Nilimuuliza mara moja kwa nini chakula hicho, katika vyote alivyovila Ulaya. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Nililia miezi kule, Zuhura. Baridi, na lugha siisikii, na kila kitu sahanini ni cheupe. Siku hiyo wameniletea kitu kingine cheupe. Nikasema haya, nile tu. Nikakuta ndani kuna tunda." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. "Basi. Ni hilo tu."

Ugali ndio ulioanza kumkataa. Ilikuwa baada ya masika, tunakula mchana, naye akatoa tonge mdomoni akaliweka pembeni mwa sahani, akanywa maji, akajipiga kifua. "Limekwama," akasema, akacheka. Wiki iliyofuata likakwama tena. Akaanza kula wali, akisema ugali wa unga ule mpya ni mgumu. Kisha wali ukawa unarudi, naye akasema ni meno. Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini meno. Nilianza kuchemsha wali mpaka ukawa bokoboko, nikajiona nimetatua jambo. Leo kibandani kwangu mtu akiacha chakula namtazama mara mbili, na wengine hukasirika, huniambia, "Mama, nimeshiba tu," na mimi huwaomba radhi. Siwezi kujizuia. Nimeona jinsi mtu anavyoweza kuacha kula huku anazungumza na kucheka, na wewe umekaa naye meza moja.

Nilijua ukweli kupitia ukuta wa mbao. Ilikuwa Jumamosi jioni, Mwalimu amekuja, na mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya darasani, hata akinong'ona anasikika. Alikuwa anamsihi waende hospitali ya Morogoro. Sista akamwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akamjibu kwa utulivu uleule aliokuwa akitumia kuwaambia madereva kwamba nyama imekwisha. "Tutakwenda, Baba Edina, kwa ajili yako. Lakini nimewauguza wengi wenye kitu hiki. Njia yake naijua. Kinaanza na ugali, halafu wali, halafu uji, halafu maji." Nikasikia kiti kikisogezwa, halafu nikasikia mwanamume mzima akilia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia. Nikabaki na khanga mikononi, nusu nimeikunja. Nilitaka kutoka nje lakini mlango wangu ulikuwa unalia, wangejua nipo.

Walikwenda Morogoro, wakapewa barua ya kwenda Dar es Salaam, wakaenda. Mimi nilibaki na mgahawa. Waliporudi Sista alikuwa amepungua, amefungwa kitambaa kichwani kwa sababu ya vumbi la safari, na mkononi ana mfuko wa dawa za maumivu. Nilikuwa nimepika mtori laini kwa kutwa nzima. Aliketi jikoni, akanywa vijiko viwili, akaniambia, "Keti, mwanangu, nikwambie." Akaniambia kwamba ni kansa ya mrija wa chakula, kwamba imekaa mahali pabaya, kwamba walichelewa, na kwamba madaktari wangeweza kumtoboa tumbo na kumwekea mpira wa kulishia lakini yeye amekataa. Alisema yote hayo kwa Kiswahili rahisi, akinionyesha kwa kidole kifuani pake, kama anayemfundisha mwanafunzi. Nikamuuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Swali lile nimelifikiria sana. Nilidhani lina jibu. Nilidhani mtu aliyesoma Ulaya na kuuguza miaka yote ile atafungua kinywa na kunipa kazi ya kufanya. Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyehurumiwa, akasema, "Jumanne ni keshokutwa. Viazi vipo?"

Hata walipokuwa Dar es Salaam, Edina aliambiwa ni vidonda vya tumbo. Alikuja mara moja mwezi wa tisa, amebeba maziwa ya unga na matunda ya makopo, akakaa siku chache, akarudi kazini. Sista alivaa vizuri siku zote zile na kukaa wima. Mlangoni, Edina akiwa anaondoka, mama yake akamwambia, "Kula vizuri huko mjini. Umekonda." Basi likaondoka, na Sista akarudi ndani akishika ukuta. Nikamwambia, "Sista, dada anastahili kujua." Akasema, "Anastahili. Ila akijua atakuja kukaa hapa anitazame, na hakuna atakachoweza. Unajua wewe inavyokuwa." Nilijua.

Viazi ndivyo vilivyobaki naye muda mrefu kuliko vyote. Kinodo kilicholegea, kilichokatwa vipande vidogo na kulowekwa kwenye rojo la tunda, kiliweza kupita wakati uji mzito haukupita, sijui kwa nini. Kwa hiyo nikawa nakipika kila siku, si Jumanne na Jumamosi tu. Niliacha kuuza wali. Nilijifunza mkono wa kiazi kwa woga, kwa sababu kila donge gumu nililiona kama jiwe ninalomwekea kooni. Nilipunguza unga mpaka kikawa kinapasuka majini, nikaongeza kidogo, nikapunguza tena. Nilichagua viazi kwa kuvinusa. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo bado linanichoma: kadiri nilivyokuwa mpishi ndivyo alivyokuwa hawezi kula. Mikono yangu ilikuwa inapanda na koo lake linashuka, na havikukutana hata siku moja. Asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, zambarau zikiwa zimeanza kuiva, Mwalimu ametuletea ndoo kutoka Kilosa, nikatoa sufuriani vinodo ambavyo mwenyewe nilipoviona nilijua. Vilikuwa vyepesi, vimekaza kidogo tu juu, mshono hauonekani. Nikampelekea kimoja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, kwa sababu siku hizo alisikia baridi. Akakitazama muda mrefu. Akaniambia, "Nipe lile kopo. Halafu geuka, utazame kule."

Nikageuka nikatazama mabanzi yaliyoshika masizi. Nikamsikia akitafuna. Alitafuna polepole, muda mrefu, mtu mwenye raha. Kisha nikasikia anatema kwenye kopo. Akatafuna tena, akatema tena. Aliendelea hivyo mpaka akakimaliza kinodo kizima, na mimi nikiwa nimeukabili ukuta, machozi yananishuka hadi shingoni, sithubutu kuyafuta asije akajua. Aliponiambia nigeuke, kopo lilikuwa limefunikwa na leso. Akasema, "Sasa umeweza." Uso wake ulikuwa na furaha kabisa. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile, na sijawahi kuchukia sifa kama ile.

Mwaka huo Ramadhani iliingia katikati ya zambarau. Nilifunga, kama nilivyolelewa. Mchana kutwa tulikuwa wawili ndani ya jiko lenye harufu ya siagi, hakuna anayekula. Sista, Mkristo wa milimani, alikuwa akinitania, "Leo tumefunga wote. Mungu wetu atachanganyikiwa." Lakini jua likizama, adhana ikisikika kutoka ng'ambo ya barabara, mimi nilikuwa nafungua kwa tende na uji, na yeye ananitazama. Njaa yangu ilikuwa na mwisho. Jioni ya pili nilichukua kikombe changu nikaenda kunywea chumbani. Akaniita. "Njoo ufuturu hapa, Zuhura. Usininyime na hilo." Nikarudi. Nilikunywa uji ule mbele yake kila jioni mwezi mzima, ukinishuka kama mchanga, naye akiuliza, "Sukari imetosha? Pilipili manga umetia?" Wateja wangu wa Dumila wananishangaa kwamba wakati wa kufuturu siwezi kuketi peke yangu. Nakula nimesimama.

Baada ya sikukuu Mwalimu Yona alihamia Mikumi moja kwa moja, akawaachia ndugu shamba. Alikuwa mtu wa ugali na mboga za majani, vinodo aliviita chakula cha meno ya wazungu. Siku moja mchana Sista alikuwa hajameza kitu ila maji ya kijiko, na hata hayo yalikuwa yanarudi. Nilikuwa nimepika kwa ajili ya madereva. Akasema kwa sauti yake iliyokuwa imebaki ya upepo, "Baba Edina, nilie." Mwalimu hakuelewa. "Nilie mimi," akarudia. "Kaa hapa, ule, uniambie." Nikaleta sahani. Mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda, mtu mrefu mwenye shati la kola iliyopauka, akakata kinodo kwa kijiko. "Chenga zimekaangwa?" akauliza Sista. "Zimekaangwa. Zinalia mdomoni." "Kiazi je?" "Laini. Hakina punje." "Tunda umelifikia?" Mwalimu alitafuna kwanza. "Nimelifikia, Mama Edina. Lina uchachu kidogo mwanzoni, halafu linakuwa tamu." Sista alifumba macho, koo lake likawa linacheza kana kwamba anameza. "Endelea," akasema. Mwalimu akala cha pili, na cha tatu, akieleza kila tonge, sauti ya darasani imekwisha, na alipomaliza sahani aliniangalia mimi, nikaelewa, nikaenda kuleta nyingine. Hakukuwa na kingine tulichoweza kumpa.

Sista alipofikia kulala kutwa, Mwalimu alikwenda kwa mwenye duka la jirani, aliyekuwa na simu ya mkononi peke yake mtaani, akampigia Edina, akamweleza kila kitu. Edina alipanda basi la alfajiri iliyofuata. Asubuhi hiyo, Jumamosi, Mwalimu akaenda kituoni mapema kumsubiri, ingawa basi la Dar lisingefika kabla ya saa nne. Alivaa koti. Aliinama akamwambia mkewe jambo kwa Kikaguru, akanikabidhi kikombe cha maji na kijiko, akatoka. Nje kulikuwa na malori matano yamesimama na madereva wameshakaa mezani, kwa kuwa Jumamosi ni siku ya vinodo na hakuna aliyekuwa amewaambia vingine. Sista mwenyewe ndiye aliyekuwa amekataa tufunge. Nilidumbukiza madonge kwenye maji, na yakiwa bado yapo chini nikaingia kumlowesha midomo. Kijiko kilipogusa, maji yakateremka shavuni. Nikaweka mkono kifuani pake, pale alipokuwa amenionyesha kwa kidole. Nikauweka puani. Alikuwa amekwisha kwenda, bado ana joto, uso ameuelekeza upande wa jiko.

Sikupiga yowe. Watu wameniuliza, na mama yangu mzazi alinisema kwa hilo miaka mingi, kwamba mtu hafi kimya hivyo kana kwamba hana watu. Lakini Mwalimu alikuwa kituoni na Edina alikuwa njiani, na niliona kama nikipiga yowe nitakuwa nimewachukulia kitu chao, wageni wa barabarani wawe wa kwanza kujua. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa, nikamnyoosha mikono, nikamfunika shuka hadi mabegani tu, siyo usoni. Nikasimama katikati ya chumba. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja tu duniani nilichojua kukifanya. Nikatoka, nikaingia jikoni, nikakuta vinodo vyote vimeelea. Nikaviopoa, nikavigaagaza kwenye chenga, nikapanga sahani, nikapeleka mezani. Madereva walikula wakizungumza habari za mizani na matairi. Mmoja wao, mtu wa makamo aliyekuwa akielekea Tunduma, alimaliza, akafuta sahani kwa kidole, akasogeza kiti nyuma.

"Sista yuko wapi leo?" akauliza. "Simuoni mlangoni."

"Yupo ndani," nikamwambia. "Amepumzika."

"Mwambie vya leo vimepita vya siku zote. Mwambie nimesema hivyo."

"Nitamwambia."

Akavaa kofia, akaondoka. Nikasikia lori likiunguruma na kuingia barabarani. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikaingia ndani, nikapiga goti kando ya kitanda, nikamwambia.